Vidole vya Mfereji wa Kironge

Kazi yangu ina raha zake, na sitaki mtu anionee huruma. Kila asubuhi nafungua Hifadhi ya Nyaraka ya Kaunti hapa Wundanyi, ukungu ukiwa bado umelalia paa, navaa glavu na kumwamsha Mfumaji. Mtambo huo huamka kwa mkoromo wa paka aliyeshiba. Kisha tunaanza kuokoa karatasi.

Karatasi zenyewe ni za kaunti ya kwanza, enzi zile watu walipopanga foleni kutwa nzima kusubiri mhuri. Zilikaa katika ofisi za wadi zaidi ya miaka sabini, na zingekaa mingine sabini kama si kuvu nyeusi iliyokuja na miaka ya joto. Kuvu hiyo haigusi mbao wala chakula. Inakula karatasi tu, na ikishaingia kwenye jalada, basi, la kuvunda halina ubani. Dawa yake haijapatikana. Kilichobaki ni kufuma.

Siku ile tulikuwa tunafuma jalada la Mfereji wa Kironge, lililoletwa kutoka ofisi ya wadi iliyofungwa. Mwasaru, fundi wa Mfumaji, aliulaza ukurasa wa mwisho kwenye sinia ya kioo, akafunga kifuniko. Mtambo ukauosha ukurasa, ukausoma unyuzi kwa unyuzi, halafu ukauyeyusha. Wageni wakifika hapo hushtuka, kwa sababu karatasi ya babu zao inageuka uji mbele ya macho yao. Nami huwaambia wasubiri. Uji huo unachanganywa na uji wa katani kutoka mashamba ya Mwatate, ambao kuvu haiwezi kuutafuna, na upande wa pili zinatoka karatasi mbili kwa mpigo mmoja, kila moja ikiwa na nusu ya mwili wa ile ya zamani. Hakuna iliyo nakala. Tunaziita pacha.

Pacha mmoja anabaki kwetu. Mwingine anapelekwa kwenye pango kavu la mlimani, ili moto au mafuriko yakija yasimalize wote. Watu wetu wa kale walihifadhi mafuvu ya wazee wao mapangoni, sisi tunapeleka huko karatasi, na sioni kama tumeenda mbali sana. Mwisho kabisa napiga mhuri wangu, ambao una maneno matatu tu: Imefumwa kutoka karatasi. Mhuri huo ndio mshahara wangu na ndio jina langu.

Pacha wa Kironge walitoka weupe kama unga wa mahindi mapya. Mwasaru aliwatazama kwa furaha. Huyu ni mtu anayefuta kikombe kabla ya kunywa na baada ya kunywa, na tangu mkaguzi amsifu kwa kurasa safi, alikuwa akiongeza nguvu ya kuosha kidogo kidogo kila wiki. Sikumkataza. Nami pia nilizipenda kurasa safi.

*

Bibi Malemba aliingia kabla sijapiga mhuri. Ni mwanamke wa Saghani, kijiji kilicho chini ya kile cha Kironge kwenye mfereji huo, aliyevuka themanini na bado anapanda ile ngazi yetu bila kushika ukuta. Alisema amekuja kuvitazama vidole, maana mvua ya masika imekaribia na ofisi ya wadi haipo tena. Sikumwelewa, lakini nilimvutia kiti na kumwekea ukurasa mbele yake.

Aliutazama kwa muda. Aliugeuza nyuma, akaurudisha mbele. Maneno yalikuwepo yote, kwa mwandiko wa yule karani wa zamani: kwamba maji yatakaa Kironge asubuhi, na jua likipita utosini yateremshwe Saghani, na asiwepo mtu wa kuyazuia. Chini yake palikuwa na majina ya nyumba zote za mfereji. Mbele ya kila jina palikuwa na uwazi.

"Mjukuu wangu," aliniambia taratibu, "vidole viko wapi?"

Nikamwambia huenda hawakuweka. Akacheka kwa upole, cheko la kumhurumia mtoto, akanisimulia. Siku ya makubaliano yeye alikuwa msichana mdogo. Afisa wa kaunti alipanda na jalada, lakini kidau chake cha wino kilikuwa kimekauka kama ukoko. Wazee hawakutaka sahihi, wakasema sahihi huigwa, kidole hakiigwi. Na watu walikuwa wamekwisha kukusanyika, na watu wa Kironge na Saghani hawakukusanyika mara mbili kwa mwaka mmoja. Basi mama yake akamtuma jikoni alete sufuria ya maharagwe. Kila mwenye nyumba akasugua kidole gumba kwenye matako ya sufuria, akakibandika mbele ya jina lake.

Masizi. Niligeuka kumtazama Mwasaru, naye alikuwa amekwisha kuelewa, uso umemshuka. Mfumaji hupambanua wino na uchafu, na masizi katika hesabu zake ni uchafu. Tuliviosha vidole vya watu wote tukidhani ni madoa ya kuvu, tukaona tumefanya kazi nzuri. Na karatasi yenyewe ilikuwa imeshakuwa uji. Maji yakimwagika hayazoleki.

Niliona aibu hadi masikio yakapata moto. Na haikuwa aibu tupu. Juma lililofuata Jopo la Maji lilikuwa lije kukagua mifereji ya milimani. Mfereji wenye makubaliano yaliyowekwa alama na wenyewe huachiwa wenyewe. Usiokuwa nayo hutiwa kwenye bomba kuu, na huko maji ya kilimo hupewa kwa leseni aliye na tangi kubwa. Saghani hawana hata tangi dogo. Wangepata maji ya kunywa na kuoga, lakini mboga zao, ambazo ndizo zinazosomesha watoto wao, zingekufa kwenye matuta.

Mwenye tangi kubwa alikuwa Mwadime, wa Kironge, ambaye shamba lake la maparachichi liko pale mfereji unapoanzia. Kila mtu alijua amewahi kwenda kwenye Jopo kuomba nyongeza ya maji. Kilichomzuia ni kidole cha babu yake.

*

Asubuhi iliyofuata Mwasaru hakuwa amefuta kikombe chake. Alinijia na jambo alilolifikiria. Mfumaji husahau taratibu, alisema. Ukurasa hubaki ndani ya kumbukumbu yake siku kadhaa, pamoja na kila kilichooshwa. Angeweza kuuambia mtambo urudishe masizi mahali pake, chembe kwa chembe.

Hilo lina jina kwetu. Linaitwa kufuma hewa, na ndilo jambo la kwanza tunalokatazwa siku tunayoajiriwa. Karatasi ikiwa haipo tena, hakuna cha kulinganisha nacho, na anayeweza kufuma hewa mara moja anaweza kujifumia shamba la jirani. Lakini Mwasaru hakuwa anaiba shamba. Alitaka kurudisha kilichokuwepo kweli. Nilimkubalia ajaribu kwenye karatasi tupu isiyo na mhuri, tuone tu, na naikumbuka vizuri ladha ya lile neno "tu" mdomoni.

Vidole vilitokea kimoja kimoja. Vilikuwa vizuri mno. Uliweza kuona mikunjo, kovu la panga kwenye kidole kimoja, na mahali mtu alipobandika kwa hasira hadi masizi yakaruka. Mwasaru alinung'unika kwamba pengine kumbukumbu imeharibika, kwa sababu vidole vilikuwa vimelaliana, kidole juu ya kidole, kingine kipana na kingine chembamba, mbele ya jina lile lile. Mimi sikujali. Nilikuwa nimefurahi kama mtu aliyeokota pete yake kisimani.

Nikamwita Bibi Malemba. Nilitaka aone, na kusema kweli nilitaka anipe ruhusa, ili mzigo uwe wake. Alipitisha kidole gumba juu ya alama ya mama yake, polepole, halafu akakitazama kidole chake mwenyewe. Kilikuwa safi.

Alisema ni kazi nzuri ajabu. Alisema angemjua mama yake hata gizani kwa kidole kile. Nikamwuliza kama niupige mhuri.

"Hivi havimuulizi mtu kitu," akasema.

Nilimwomba anifafanulie, ndipo nikapata habari ya kuamsha vidole. Masizi hayashiki kama wino, yakiguswa yanapungua. Kwa hiyo kila mwaka kabla ya masika watu wa mfereji walienda ofisi ya wadi na sufuria ile ile, na kila nyumba ikaamsha kidole chake: baba akiwepo ni baba, akifa ni binti au mjukuu, juu ya alama ya aliyetangulia. Karani aliwafungulia jalada na kugeuka pembeni, kwa maana sheria haikumruhusu kuona. Na siku hiyo kila mtu alikuwa huru kukataa, mradi aseme kwa mdomo wake mbele ya wenzake. Baba yake Mwadime aliwahi kukaa amekunja mikono tangu asubuhi hadi watu wakapelekewa chai mara ya pili, kisha akainuka na kukibandika kwa kishindo. Ndiko yale masizi yaliyoruka yalikotoka.

Mfumaji hakuwa ameharibika hata kidogo. Alikuwa amekumbuka kila masika.

Bibi Malemba hakuniambia nifanye nini. Alijifunga kitenge chake vizuri, akasema uamuzi ni wa mwenye mhuri, akaondoka.

*

Nilikaa na ile karatasi ya jaribio mchana mzima. Nitasema nilivyowaza, maana mambo haya hayana ugumu wa maneno, yana ugumu wa kutenda.

Nikipiga mhuri, Saghani wamepona. Kila alama pale ni ya kweli, ya mtu wa kweli, na Jopo lisingegundua hata likileta mtambo mara tatu ya wetu. Mwadime angefungwa na kidole chake cha mwaka jana bila kuulizwa mwaka huu. Na mwakani je? Masizi ya Mfumaji hayafutiki, yangebaki meusi vile vile milele. Hakuna mtu ambaye angehitaji tena kuja na sufuria. Tungekuwa tumewapa makubaliano yasiyo na watu ndani yake.

Nisipopiga, namfungulia Mwadime mlango na kumwomba asitoke. Watu wa Saghani hawakunikosea chochote, nami ningewaweka mikononi mwa jirani mwenye tangi, kwa sababu ya maneno matatu ya mhuri wangu. Niliogopa. Nilijiuliza kama ule ni uaminifu au ni kujipenda kwa mtu anayetaka kulala usingizi mzuri huku wenzake wakilala njaa.

Jua lilipoanza kuinama nilimpa Mwasaru ile karatasi ya jaribio aiyeyushe. Aliilaza kwenye sinia, akafunga kifuniko. Nikapiga mhuri kwenye pacha weupe, na chini yake nikaandika kwa mkono wangu kwamba alama za masizi zilioshwa hapa Hifadhini kwa kosa letu. Halafu nikatuma habari Kironge na Saghani, nikaeleza yote, na kuwaomba waje siku ya Jopo. Siku chache baadaye taa ya kumbukumbu ya Mfumaji ilizima. Sasa hata kama ningebadili nia, pasingekuwa na njia.

Saghani walinijia kwanza, na hawakunijia kwa salamu. Mzee mmoja aliniambia nimewauza kwa bei ya usafi. Sikubishana naye, kwani hakuwa mbali na ukweli.

*

Jopo liliketi kwenye ukumbi wetu wa kusomea, kwa kuwa pacha hawaruhusiwi kutoka kabla ya kupelekwa pangoni. Mwenyekiti alikuwa Bi. Mghoi, mama mkavu, mwenye miwani juu ya nywele na asiyependa hotuba. Aliyasoma makubaliano, akasoma maandishi yangu chini, akanitazama kwa muda ambao sikuupenda. Aliuliza kama kuna njia ya kurudisha alama. Nikajibu ilikuwepo na nikaiacha ipite, na kwamba wenye mfereji wapo ukumbini, waulizwe.

Basi, akasema, waulizwe.

Bibi Malemba alisimama na furushi. Alifungua vitenge vitatu, kimoja baada ya kingine, na katikati ilikuwa sufuria iliyobonyea, ndani ikimetameta, nje ikiwa nyeusi tititi. Vijana walisogea kuona. Siku hizi kila jiko ni la jua au la umeme, na wengi wao hawakuwahi kuona masizi kwa macho. Msichana mmoja alinusa, akapiga chafya, watu wakacheka, na ukumbi ukalegea kidogo. Bibi alieleza kwamba mama yake alimwachia neno moja kuhusu sufuria ile: ndani asugue apendavyo, nje asiguse kamwe. Mwasaru, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliinamisha kichwa.

Nyumba za Saghani ziliweka vidole haraka, kama watu wanaoogopa mlango kufungwa. Za Kironge zikafuata, nyingine kwa furaha, nyingine zikitazama pembeni. Mwisho ukabaki uwazi mmoja, wa juu kabisa.

Mwadime alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alisimama pale pale alipokuwa, mbali na meza. Sauti yake ilikuwa ya chini, ikabidi watu wanyamaze ili wamsikie.

"Nilikuja kukataa," alisema. "Maneno nimeyapanga tangu juzi. Mfereji unajaa matope, na kila mwaka naufukua mimi na watoto wangu, na walio chini wanangoja maji tu. Hilo halikuandikwa popote, kwa hiyo hakuna anayeniuliza."

Watu wa Saghani walitazamana. Yule mzee aliyeniambia nimewauza aliinuka kitini. Halafu akasema kwamba Mwadime hasemi uongo. Akasema yeye mwenyewe ana majembe matano na wajukuu wavivu, na kwamba masika hii watapanda wote kufukua, na masika ijayo pia. Bi. Mghoi aliuliza kama liandikwe. Mwadime akafikiri, akasema hapana, yeye ataliuliza mwakani, sufuria ikiwa mezani.

Akaja mezani. Njiani aligeuka, akanitazama mimi.

"Mama, ulikuwa na kidole changu cha mwaka jana ndani ya huo mtambo wako," aliniambia. "Ungekitumia, nisingejua."

Nikamjibu ni kweli.

Alikunja mkono wa shati, akasugua kidole gumba kwenye sufuria kama mtu anayewasha kiberiti kibichi, akakibandika mbele ya jina la babu yake. Alama ilitoka nene, nyeusi, imepinda kidogo upande wa kushoto. Bibi Malemba alijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Bi. Mghoi aliteremsha miwani, akaandika kwamba Mfereji wa Kironge unabaki kwa wenyewe, akaanza kukusanya vitu vyake. Watu walikuwa wameanza kuinuka. Mwadime peke yake hakuondoka mezani.

"Na pacha wake?" aliuliza. "Huyo wa pangoni atakwenda mtupu?"

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemfikiria. Mwasaru alikimbilia kabati, akamleta yule wa pili kwa mikono miwili, akamlaza mezani. Mwadime akairudia sufuria, maana masizi ya kidoleni yalikuwa yameshapungua, na safari hii akawa wa kwanza. Nyuma yake watu walijipanga foleni, Kironge na Saghani wakiwa wamechanganyika.

Kwa desturi yake, Mwasaru alisimama mlangoni na sinia ya vitambaa vyenye maji ya moto, ili watu wanawe wakitoka. Bibi Malemba alipita na furushi lake, akavitazama, akamgonga begani kwa upole. Wengine walipita wakimshukuru. Mwadime alitoka mwisho, amekiinua kidole gumba juu kisiguse shati, akashika njia ya mlimani. Vitambaa vilirudi ndani vikiwa vyeupe.